Krotoni ya Ritha

Simu ya Beatrisi ilimkuta Imakulata amechutama bustanini kwake, Ngamiani, akijaza udongo kwenye viriba. Bustani ni jina la heshima tu. Ni kipande cha uwazi kati ya ukuta wa duka la baiskeli na mtaro wa maji machafu, ambacho Bwana Idarusi mwenye duka alimwachia kwa sharti la kufagia mbele ya mlango wake kila asubuhi. Hapo aliotesha mawaridi machache, asumini kwa ajili ya maharusi, na krotoni. Krotoni hasa. Mtu akikwambia amenunua ua Ngamiani, lile lenye majani yaliyojisokota kama utambi, mekundu huku, manjano kule, na meusi karibu na shina, basi amenunua kwa Mama Ritha.

"Shikamoo mama," alisema Beatrisi, binti wa jirani zake wa zamani wa kambini Mwera, aliyebaki huko.

"Marahaba mwanangu. Mbona mapema?"

"Mama, makaburi ya kambini yanahamishwa. Barabara inapita pale pale. Mwenyekiti anasema kila mwenye mtu wake aje amwonyeshe, ahamishiwe kwenye uwanja mpya kule juu. Wasio na wenyewe watafukiwa pamoja, shimo moja."

Imakulata alijipangusa udongo kwenye khanga.

"La kwangu nalijua," alisema. "Lina krotoni."

Beatrisi alinyamaza kidogo. "Njoo tu, mama," akasema.

Mtu mwingine angeuliza kwa nini binti yule alinyamaza. Imakulata hakuuliza. Ni mama mwenye masikio mazuri kwa mambo anayoyataka, na mengine huyaacha yapite. Alichotaka yeye ni kimoja tu: Ritha wake asiingie kwenye shimo la watu wasio na wenyewe. Mtoto ana mama yake, mama yake ni mzima, tena anajulikana mji mzima kwa maua. Atafukiwaje kama mkiwa?

Imakulata alizaliwa kambini Mwera, kwenye shamba la mkonge, kwa baba aliyetoka Kigoma kuja kukata mkonge kwa mkataba na asiwahi kurudi. Hapo hapo akaolewa na Laurenti, naye mtoto wa kambi, aliyekuwa akitunza bustani ya nyumba ya meneja. Kazi ya Laurenti wenzake waliiona ya kitoto. Wao walirudi jioni wamechomwa na miiba mpaka mabegani, yeye alirudi ananukia majani. Walimtania wakamwita Mama Maua, na yeye alicheka nao, maana hakuwa mtu wa kununa.

Ritha alikuwa mtoto wao wa pekee. Degedege ilimchukua akiwa bado hajaanza shule, kati ya asubuhi na adhuhuri, wakati baba yake anapogoa ua wa meneja na mama yake yuko kisimani. Walimzika siku ile ile.

Sasa, kambi ile ilikuwa na utaratibu wake wa makaburi, na bila kuujua huo hadithi hii haiendi. Watu wa pale walitoka kila kona: Waha, Wabena, Wamakonde, Wasambaa walioshuka milimani. Saruji hakuna aliyekuwa nayo. Msalaba wa mbao mchwa waliumaliza upesi, na jina lililoandikwa juu yake likaenda nao. Kwa hiyo kila kaburi lilipandwa mmea wake, na mmea uliopandwa kwa fulani haukupandwa kwa mwingine. Huyu alipewa mchaichai, yule mlangilangi, yule shubiri. Ukimuuliza mtu wapi alipolazwa mzee Hosea, alikujibu, pale penye mkomamanga, na yakaisha.

Laurenti alimpa mwanawe krotoni. Ilikuwa moja tu shamba zima, kwenye kona ya baraza ya meneja, na kila jani lake lilikuwa na rangi zake. Alikata tawi, akalificha ndani ya shati, akaja nalo. Utomvu ulimchafua shati na haukutoka tena, maana utomvu wa krotoni ukishagusa nguo umeshaoa. Walilichomeka kichwani pa kaburi, wakalikinga jua kwa kuti, wakawa wanalimwagilia asubuhi na jioni. Majani yote yalianguka. Imakulata alilia upya, akasema hata hili limekufa. Laurenti alimwambia asiling'oe, krotoni hususa ikihamishwa, iachwe. Siku moja wakakuta ncha nyekundu imechomoza.

Mmea ule una maringo yake. Unataka jua ili rangi zikolee, lakini ukizidiwa na kiangazi unanyong'onyea. Upepo mkavu unauumiza, na baridi haiwezi kabisa. Miaka ya baadaye mteja mmoja alibeba vyungu vyake vinne mpaka Lushoto, na ulipofika mwezi wa saba akapiga simu kulalamika kwamba ameuziwa vijiti. Imakulata alimjibu kwamba hata yeye angepelekwa Lushoto mwezi wa saba bila sweta angekuwa kijiti. Lakini pale Mwera, kwenye udongo mwekundu na ile hewa yenye unyevu, krotoni ya Ritha ilistawi mpaka ikampita mtu mzima kimo. Mtu akipita njiani aliiona kutoka mbali kati ya kijivu cha mikonge.

Ikaonekana, na hapo ndipo lilipoanzia jambo lenyewe.

Wa kwanza kuomba tawi alikuwa Dorkasi, Msambaa, Mlutheri, mke wa fundi wa mashine ya kusindika mkonge. Alikuwa amefiwa na mwanawe wa kiume, Noa, rika la Ritha. Alimfuata Imakulata, akasimama mlangoni bila kukaa, akasema: "Mama Ritha, la mwanangu liko kama jalala. Nimepanda mara mbili, mbuzi wanakula. Lako hawaligusi."

Imakulata angewezaje kumnyima? Alikwenda naye, akakata tawi kwa mshazari, akapunguza majani, akamchomekea kwa mikono yake. Baada ya Dorkasi akaja mwingine, kisha mwingine. Mzee Eliudi, mchimba makaburi, alimkataza waziwazi. "Hiyo ni ya mtoto wako," alimwambia. "Wape maua mengine, yamejaa tele." Imakulata alimwona mzee hana huruma. Mama aliyefiwa anakuomba kijiti, wewe umpe maneno? Akaendelea kugawa, na kila alipogawa alijisikia kama Ritha ndiye anayetoa, na hilo lilimpunguzia uchungu. Sitamlaumu kwa hilo. Lakini alivunja utaratibu, na utaratibu ule haukuwekwa kwa ajili ya uzuri.

Bei ya mkonge ilipoanguka, shamba likafungwa, watu wakatawanyika. Laurenti na Imakulata walihamia Tanga mjini na matawi kwenye gunia lililoloweshwa maji, na matawi yale ndiyo yaliyowalisha. Kila mwaka, siku ya kuwaombea marehemu, alirudi Mwera kupalilia. Kisha Laurenti akapigwa na kiharusi, akawa mtu wa kugeuzwa kitandani mpaka alipofariki, na baada ya hapo mguu wa Imakulata mwenyewe ukaanza kuvimba. Miaka ikapita bila kwenda. Alijiambia, kaburi lenyewe linajitunza, lina krotoni.

Alifika Mwera asubuhi ya pili baada ya ile simu. Beatrisi alimpokea mkoba, wakaenda moja kwa moja makaburini. Wapima barabara walikuwa wamekwisha kufyeka vichaka, na eneo zima lilikuwa jeupe, linaonekana kutoka mwisho hadi mwisho.

Zilikuwa krotoni tupu.

Mkomamanga wa mzee Hosea haukuwepo. Mlangilangi ulikuwa umekatwa. Mchaichai na shubiri zilikuwa zimekwisha, na mbuzi walikula kila kilicholika. Vituta vilikuwa vimelala sawa na ardhi baada ya trekta kupita hapo mwaka fulani. Kilichobaki ni kile ambacho mbuzi hawakipendi: majani yaliyojisokota, mekundu, manjano, meusi, huku na huko, makubwa kwa madogo, na yote yalikuwa ya mama mmoja.

Imakulata alisimama akiwa ameshika kiuno.

Mwenyekiti Mwinyijuma alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, na kopo la rangi miguuni. Walikuwa wakijuana tangu ujana, yeye mtoto wa kijijini, Imakulata wa kambini.

"Karibu, Mama Ritha. Pole na safari."

"Nimeshapoa, mwenyekiti. Nimekuja kumwonyesha mwanangu."

"Haya bibie, wapi?"

"Penye krotoni," alisema Imakulata, na alipolisikia neno lake mwenyewe, akageuka kuzitazama tena.

Mwinyijuma alikuna kidevu. Hakucheka. "Kila ntu atwambia krotoni," alisema. "Jana wamekuja wanne, wote krotoni. Sasa mie nipake rangi krotoni ipi?"

Imakulata alianza kutembea. Ya Ritha ndiyo ya kwanza kupandwa, alijiambia, basi itakuwa ndiyo yenye shina nene kuliko zote. Akaipata, karibu na pale alipohisi njia ya zamani ilipita: shina nene kama mguu wa mtu, na matawi yanayogusa chini. Alipiga goti kwa shida, akalipapasa. Chini kabisa kulikuwa na makovu ya kisu, ya zamani, yaliyofunga. Ni yeye aliyekata pale. Nani mwingine? Furaha ilimpanda mpaka machozi yakamtoka. Akachana upindo wa khanga, akaufunga kwenye tawi.

"Huyu hapa," aliita. "Mwenyekiti, njoo na rangi yako."

"Huyo ni Noa," mtu alisema nyuma yake.

Dorkasi alikuwa amezeeka vizuri. Gauni refu, kilemba cheupe, Biblia ndani ya mfuko wa nailoni, mkongojo. Alikuwa ametoka Muheza alfajiri. Walisalimiana kama ilivyo ada, habari za nyumbani, habari za siku nyingi, pole na msiba wa baba Ritha, na Imakulata hakuondoa mkono kwenye lile shina muda wote wa salamu.

"Mama Noa, unakosea. Hii ni ya mwanangu. Tazama nilivyokuwa nakata kuwapa watu."

"Hata mimi nilikata nikawapa watu," alisema Dorkasi. "Ulipohama, walikuja kwangu. Muulize Beatrisi, mama yake alipofariki tawi alilichukua wapi?"

Beatrisi alitazama chini. "Kwako, mama," alimwambia Dorkasi.

"Lakini ya kwangu ndiyo ya kwanza!" Sauti ya Imakulata ilipanda, na wachimbaji waliokuwa wamekaa kivulini wakageuka. "Wewe ulikuja kuomba mlangoni kwangu. Nimekupa kwa mkono wangu, leo unaninyang'anya na mtoto?"

Yalikuwa maneno mabaya, na aliyajua kuwa mabaya yalipokuwa yanatoka. Dorkasi aliegemea mkongojo wake.

"Ulinipa, Mungu akulipe," alisema. "Lakini Noa ni wangu, sikupewa na mtu wala sikumwomba. Nilimzika hapa, mkono wa kulia ukitoka njiani."

"Ritha ndiye wa mkono wa kulia."

"Njia ipi, Mama Ritha? Njia ilikuwepo hii na ile."

Imakulata aliinuka, akaenda kwenye krotoni ya jirani, akaiinamia. Makovu. Akaenda ya tatu. Makovu. Aliyapapasa mashina moja moja, manene na membamba, na kila alipogusa vidole vyake vilikutana na alama ile ile: mkato wa mshazari, juu kidogo ya kifundo, kama alivyomfundisha Dorkasi, na Dorkasi alivyowafundisha wengine. Kwa kazi aliyoifanya maisha yake yote angeweza kukwambia krotoni ipi imekosa mbolea na ipi ina wadudu. Ipi ilikuwa ya mwanawe, hakuweza.

Jua lilikuwa limeanza kuwa kali. Mwinyijuma alichoka kusubiri, si kwa ubaya, ila wapima barabara walikuwa wamempa muda.

"Mimi si kadhi wala si padri," alisema. "Atakayeapa mbele ya hawa watu kwamba aliyemo ndani ni wa kwake, nitampakia rangi."

Dorkasi aliitoa Biblia kwenye mfuko. Aliweka mkono juu yake, akaapa kwamba aliyelala pale ni Noa mwanawe. Kisha wote wakamtazama Imakulata.

Alitaka kuapa. Mungu anajua alivyotaka. Neno lilikuwa limeshafika kinywani, na kama angelitoa, hakuna ambaye angemshangaa. Lakini alijua kwamba hajui. Na akifikiria Ritha yuko kwingine, hatua chache kutoka hapo, anamsikia mama yake akiapa juu ya mtoto wa watu, kinywa kilikataa. Alifungua upindo wa khanga kwenye tawi, akaukunja, akauweka kifuani.

"Mpakie Mama Noa," alisema.

Usiku ule alilala kwa Beatrisi, kama kulala ndiko kule. Alijilaumu kwa kila tawi. Akamkumbuka mzee Eliudi na kumkasirikia upya, kwa sababu mzee alikuwa sahihi na alikuwa amekufa, hawezi hata kuombwa radhi. Kulipopambazuka alikuwa na neno moja, na alilibeba mpaka makaburini bila kunywa chai.

"Yale yaliyobaki bila rangi," alimuuliza Mwinyijuma, "ya watoto ni mangapi?"

"Madogo? Kwa walivyokagua wachimbaji, yatakuwa sita. Wenyewe hawakutokea."

"Yapake yote. Ni yangu."

Mwenyekiti alimtazama. "Mama Ritha, ulizaa mmoja."

"Nilizaa mmoja, na yumo humo. Simjui ni yupi. Nikichukua mmoja nitawaacha watano shimoni, na huenda wangu ni kati ya hao watano."

"Watu watasema, bibie. Watasema unatafuta fidia."

"Fidia nenda kawanunulie saruji hao wasio na watu. Mimi nipe watoto."

Mwinyijuma alilitazama kopo la rangi kwa muda. Kisha akainuka na kwenda kupaka mwenyewe, sita zote.

Jumamosi walichimba. Wanaojua kazi hii wanajua kwamba kaburi la mtoto la zamani kama yale halitoi kitu cha kumwonyesha mama. Ni udongo, uliokoza rangi kidogo kuliko wa pembeni. Wachimbaji waliuteka kwa mikono, kwa heshima, wakaufunga kwenye bafta nyeupe, na kila furushi likapewa Imakulata alipakate kabla ya kupandishwa garini. Yalikuwa mepesi. Alikuwa ameogopa kwamba moja litamwambia kitu, kwamba mikono yake itamtambua wake. Mikono haikumwambia lolote. Krotoni zenyewe ziling'olewa zikatupwa pembeni, mizizi juu, na majani yakaanza kulegea saa hiyo hiyo.

Uwanja mpya ulikuwa juu ya kilima, mtupu, hauna hata majani. Katekista Castory alikuja na maji ya baraka na karatasi. Kwa upande wa pili, mwinjilisti wa Kilutheri alikuwa amesimama na Dorkasi kwenye kaburi lake moja.

"Nisome majina gani, mama?" aliuliza Castory.

Imakulata alisimama mbele ya mashimo sita madogo. Jina alikuwa nalo moja.

"Ritha," alisema, kwa la kwanza.

Castory alisoma, akanyunyiza maji, akasogea. "Na huyu?"

"Ritha."

Katekista aliinua macho. Ni kijana aliyesomea kazi yake, na jambo hilo halikuwemo kitabuni. Lakini aliutazama uso wa yule mama, akainamisha kichwa, akasoma. La tatu akauliza tena, akajibiwa hivyo hivyo. La nne hakuuliza. Alisoma Ritha, na Ritha, na Ritha, mpaka akamaliza, na wachimbaji wakafukia.

Upande wa pili walikuwa wameshaimba na kunyamaza. Dorkasi alikuja taratibu na mkongojo wake, akasimama kando ya Imakulata. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ya kiapo. Alitazama vile vituta sita, kisha akatazama kule alikotoka, kwenye kile kimoja alichokiapia.

"Sikulala," alisema, kwa sauti ya chini isiyofika kwa wengine. "Niliapa, lakini sikulala." Akamshika Imakulata kiganja. "Njoo umtaje na pale kwangu."

Imakulata alikwenda naye.